Karani Alichomwa Mara Mbili

Chumba cha pasi,
Nyumbani.
Jumapili, mchana.

Mpendwa mdogo wangu,

Hujambo huko uliko? Kifua kimepona, au bado unakohoa kama ulivyoandika? Na unakula? Hili la kula nakuuliza makusudi, maana nakujua: kazi zikikuzidi unashindia chai, halafu unajiita mtu mzima. Nijibu ukweli, usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa.

Sisi hapa tunaendelea. Miguu yangu huvimba jioni kwa ajili ya kusimama, lakini dobi gani hana miguu ya kuvimba? Baba yangu na mgongo wake wa useremala ni wale wale. Analalamika kila anapoinama na bado anainama. Baba yako, mdogo wake, ni mzima wa mwili. Mengine juu yake nitayafikia, nivumilie.

Nyumba ya wageni bado inaniletea shuka zake, na wageni wake bado wanamwaga chai kitandani kama watoto. Nimenunua pasi mpya na siipendi. Ni nyepesi mno, inateleza tu juu ya kitambaa kama inaogopa kukabiliana nacho. Ile ya zamani iliungua waya, ikaaga.

Sasa nikuambie kilichonikalisha kitako kukuandikia. Ni Karani, paka wako. Na siwezi kumwandika Karani bila kumwandika baba yako, kwa sababu mambo yao yameshikana na sina namna ya kuyatenganisha. Nilitaka kukuficha, nimeona si haki.

Karani aliugua. Alianza kwa kunywa maji. Si maji ya bakuli lake tu, alikunywa hata ya ndoo yangu ya wanga, nikimfukuza anarudi kwa upande wa pili. Akawa anakula kuliko sisi sote na bado anakonda, mpaka uti wa mgongo ukawa unahesabika kwa kidole. Nikasema ni uzee. Kisha siku moja akakojolea shuka iliyokuwa sakafuni ikisubiri kufuliwa, na nilipoiokota nikakuta sisimizi wamejaa pale pale palipolowa, hawapo mahali pengine popote. Nimefua nguo za watu miaka mingi, mdogo wangu, na nguo za bibi yetu nilizifua mpaka mwisho wake. Sisimizi wale niliwahi kuwaona kabla. Nilikaa chini na ile shuka mkononi nikajua ni sukari.

Daktari wa wanyama wa mtaa wa pili alimpima akathibitisha. Ni mama mpole, sauti yake ndogo, lakini akisema neno halirudii. Alisema Karani anaweza kuishi vizuri tu kama nyumba nzima itakubali kubadilika kwa ajili yake. Achomwe sindano ya insulini alfajiri na jioni, kwa saa ile ile, na chakula chake kiwe nyama au samaki wa kuchemsha bila chumvi, wala asionjeshwe maziwa, wali wala mkate.

Aliposema mkate, baba yako alitazama chini. Unajua mwenyewe. Mwoka mikate hastaafu. Kila asubuhi alikuwa bado anaoka wake mmoja mdogo jikoni, na kipande cha kwanza kilikuwa cha Karani, kimelowekwa kwenye maziwa ya vuguvugu. Hiyo ndiyo ilikuwa namna yake ya kukukumbuka, ingawa hajawahi kuisema. Tuliporudi nyumbani aliufunika unga wake, akausukuma juu kabisa ya kabati, na hajauteremsha tena. Nilimwambia, "Baba Mdogo, wewe oka, kula wewe." Akasema hawezi kutafuna kitu huku Karani anamtazama.

Sindano tulijifunza wote watatu. Dawa inakaa kwenye mlango wa friji, mbali na barafu. Ukiitoa huitikisi, unaizungusha chupa polepole katikati ya viganja. Kiasi chenyewe ni kidogo mno, tone la chai kwenye ndevu za mzee ni kubwa kuliko hicho. Unamwekea chakula kwanza, unangoja uone anakula, ndipo unainua ngozi yake kidogo kama unavyokunja pindo la nguo, unachoma, umemaliza. Asipokula, hachomwi mpaka tumpigie daktari. Na daktari alituonya kwa kidole: kama huna hakika kwamba ameshachomwa, mwache. Sindano moja ikikosekana atavumilia mpaka kesho, lakini mbili kwa pamoja zitamshusha sukari mpaka afe.

Baba yangu alichukua zamu ya alfajiri, baba yako ya jioni. Mimi nikabaki na kuchemsha nyama. Baba yangu alimtengenezea Karani kibao chenye kingo pembeni asiteleze, akakipiga msasa mpaka kikawa laini kuliko kitanda changu. Na kweli paka akaanza kurudi. Manyoya yakashika mng'ao, maji akapunguza, na siku moja akaruka juu ya meza yangu ya pasi akalalia kola ya shati la watu kama zamani. Nilimgombeza kwa furaha.

Sasa nifike pale nilipokuwa napaogopa.

Wewe unajua kwamba wazee wetu hawasemezani, lakini hujui inavyokuwa kuishi humo ndani. Tangu asubuhi ile ulipoondoka, baba yangu alipokubebea begi mpaka kituoni na baba yako akaamka akakuta kitanda chako kimetandikwa, hajamwambia kaka yake neno. Anaamini kaka yake alimnyang'anya mtoto. Nanyi mlimficha kwa sababu mliogopa angekuzuia. Najua, na pengine angekuzuia kweli. Lakini wazee wawili, wote wake zao wametangulia, wanakula meza moja kimya, na mimi katikati nikipitisha chumvi.

Wakiwa na la lazima wanamtumia paka. "Karani, mwambie mwenzako maji yamechemka." "Karani, waulize wenye nyumba nani kaacha mlango wazi." Mwanzoni nilicheka. Siku moja bomba la jikoni lilipasuka na Karani alikuwa nje, nikarudi nikawakuta wamesimama wote wawili kwenye maji, mmoja kashika kitambaa, mwingine kashika spana, kila mmoja anamtazama paka asiyekuwepo. Siku hiyo pia nilicheka. Sikujua tunakoelekea.

Jioni yenyewe nyumba ya wageni ilikuwa imejaa, nami nikaenda kupeleka shuka mwenyewe. Baba yako alikuwa ameenda kung'olewa jino, na foleni huko ikamchelewesha. Saa ya sindano ikapita. Karani akaanza kulia kwenye kibao chake. Baba yangu akamwekea samaki, akangoja akala, akamchoma. Mpaka hapo hakuna aliyekosea.

Kisha baba yako akaingia, shavu limevimba, pamba mdomoni, akaenda moja kwa moja kwenye friji. Baba yangu alikuwa hapo hapo, anapiga msasa mguu wa stuli. Alimwona anachukua chupa. Alimwona anaizungusha viganjani. Na badala ya kufungua mdomo akamwambia ndugu yake, akasema, "Karani, waambie watu wewe umeshachomwa."

Baba yako alisikia. Akaona anapigwa kijembe kwa kuchelewa, kwamba mwenzake anajisifia sindano ya alfajiri. Akakunja uso, akamchoma Karani papo hapo, huku kaka yake anatazama. Baba yangu akarudi kwenye msasa wake. Baadaye aliniambia alijipa moyo kwamba labda ndugu yake amesikia, labda ndani ya ile sindano hamna kitu, labda anaigiza tu kumkomoa.

Mimi nilirudi sina hili wala lile, nikaandaa chakula. Tulipokuwa tunakaa mezani Karani akatoka chini ya kabati akitembea kama mlevi. Miguu ya nyuma ilikuwa inampeleka kwake na ya mbele kwake. Akaanguka ubavu. Mate yalikuwa yanamtoka, macho yametoka nje, na mwili wote unatetemeka. Nikapiga kelele, "Nani kamchoma huyu?"

Wakajibu pamoja, "Mimi."

Hapo ndipo walipotazamana. Mdogo wangu, nimewaona wazee wale kwenye misiba, sijawahi kuwaona na nyuso zile.

Baba yako ndiye aliyepata akili kwanza. Alichukua asali, akachovya kidole, akampaka Karani kwenye fizi, kidogo kidogo asije akapaliwa. Nikampigia daktari, akasema tumlete sasa hivi na tusiache kumpaka. Nikamwaga nguo zilizokuwa kwenye kapu, tukamlaza humo. Kapu lile lina mishikio miwili na ni pana, mtu mmoja halibebi vizuri. Wakalishika wao. Mimi nilikuwa mbele nikiwafungulia njia, nawasikia nyuma yangu: "Polepole." "Inua upande wako." "Subiri nimpake." Walikuwa wanaambiana wao kwa wao, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na nafasi ya kuligundua hilo.

Daktari alimwekea maji ya sukari kwa mshipa, akatutoa nje. Tukakaa kwenye benchi la ukumbini, mimi upande mmoja, wao wamekaa pamoja kwa sababu benchi ni fupi. Baba yangu alikuwa na vumbi la mbao mpaka kwenye nyusi. Akasema, bila kumtazama mtu:

"Nilikuona, mdogo wangu. Nilikuona na sindano mkononi. Ilikuwa ni neno moja tu."

Baba yako alitoa pamba mdomoni, akaikunja kwenye leso.

"Na mimi nilikusikia, kaka. Nilikusikia vizuri sana. Sikutaka kuelewa."

Kisha baba yako akalia. Hakulia kwa kwikwi, machozi yalikuwa yanamtoka tu na yeye hayafuti. Baba yangu akamshika goti. Mimi nilijikaza kisabuni nikashindwa, nikaenda kusimama kwenye kona nikitazama picha ya ng'ombe iliyobandikwa ukutani.

Karani hakufa, usishtuke. Lakini sukari ilikaa chini mno kwa muda, na macho yake yameondoka. Yapo wazi, yanang'aa, na hayaoni. Daktari alisema yanaweza kurudi na yanaweza yasirudi, na mpaka leo hayajarudi. Sindano zinaendelea, kwa kipimo alichokipunguza yeye. Alisema pia kwamba paka asiyeona anatembea kwa masikio. Tusihamishehamishe vitu, na tusimnyamazie. Mtu akiingia aseme yupo wapi, akiondoka aseme anaondoka, vinginevyo atakaa mahali pamoja kwa woga na hata kula ataacha.

Basi fikiria nyumba yetu, mdogo wangu. Siku za kwanza wazee walikuwa wanaona haya. "Nipo mlangoni," anasema baba yangu, akisimama kama mgeni. "Nipo jikoni," anajibu baba yako. Jioni ikifika: "Umemchoma?" "Bado." "Anakula?" "Anakula." "Haya, mchome, naona." Sasa hakuna anayechoma mpaka mwenzake awe amesimama pale anatazama. Karani anapita katikati yao, masikio yamesimama, anafuata sauti mpaka kwenye bakuli lake. Mara ya kwanza kumwona akivuka sebule yote bila kujigonga niliacha pasi juu ya foronya nikaiunguza. Nitailipia, na sijali.

Usidhani wamepatana kama watoto wanavyopatana. Wiki hii waligombana. Waligombana kweli kweli, kwa sauti, mpaka jirani yetu msusi akaacha kichwa cha mteja nusu akaja kusimama dirishani. Yote waliyokuwa wameyameza tangu uondoke yalitoka. Mimi niliendelea kupiga pasi chumba cha pili, nikisema moyoni waacheni waseme. Baba yangu akasema, "Nimekukosea, nilipaswa kukuamsha. Lakini sikukunyang'anya mtoto."

Na sasa nakuandikia neno ambalo baba yako alimjibu, kama alivyolisema, kwa sababu tangu nilisikie halijanitoka.

Alisema, "Najua hukuninyang'anya. Wewe unaandikiwa. Binti yako anaandikiwa. Mimi natajwa chini kabisa ya karatasi, baada ya paka."

Nilizima pasi. Nilienda kutoa barua zako zote nikazisoma tena, moja moja, nikitafuta mahali ambapo mzee huyu anakosea. Hakosei. Unatuandikia mimi na baba yangu juu ya kazi, juu ya chumba, juu ya kifua, halafu mwisho: mkuneni Karani shingoni kwa niaba yangu, na baba msalimieni. Kila barua. Najua si kwa ubaya. Najua unamwonea haya kwa namna ulivyoondoka, na kila siku inayopita inaongeza haya. Lakini yeye hajui hilo. Yeye anajua kwamba mtoto wake anapotaka kumwambia neno anampa mtu mwingine alipeleke.

Nimekasirika nawe kidogo, nisikufiche. Nimekasirika zaidi na mimi mwenyewe, maana nilizifikisha zile salamu zako kila mara kwa furaha, nikisoma kwa sauti mezani kama ninagawa zawadi, na kila mara alikuwa anasema "ahsante" na kuinuka.

Basi mimi sizibebi tena. Ukiandika "msalimie baba" nitairuka hiyo sentensi kana kwamba hukuiandika. Mwandikie yeye, jina lake nje ya bahasha, yake peke yake. Usitafute maneno ya kisomi. Mwambie ulitoka mlangoni bila viatu mguuni ili asisikie, kama ulivyoniambia mimi, na kwamba ulisimama nje ya dirisha lake kabla ya kwenda. Mwambie unachokula. Ukikosa kabisa la kusema, mtukane, lakini mtukane yeye. Daktari anasema Karani hatakuwa nasi muda mrefu sana hata tukifanya kila kitu sawasawa, na nimeanza kuogopa siku ambayo nyumba hii haitakuwa na sababu ya kupaza sauti. Baba yako naye si kijana. Jino lile lilikuwa la mwisho upande wa kushoto.

Sasa salamu, maana wamejua ninaandika na wananisumbua. Baba yangu anakusalimu sana, anasema mgongo unamtesa lakini mkono bado mnyoofu. Daktari wa wanyama anakusalimu ingawa hamjuani. Anasema mwenye paka amshukuru Mungu. Msusi anauliza utaoa lini, nimemwambia asishughulike nawe. Karani amelala kwenye kapu tupu miguuni pangu, sikio moja limegeukia jikoni.

Nilikwenda huko jikoni kumuuliza baba yako kama ana salamu zozote za kuweka humu. Alikuwa anamchambulia Karani miiba ya samaki. Alisema, "Mwambie..." Kisha akasimamisha mkono. Nilimwona neno liko mdomoni kabisa, nikashika kalamu vizuri. Akatikisa kichwa, akarudi kwenye miiba yake.

"Hapana," alisema. "Usimwambie kitu. Hilo ni langu na yeye."

Mungu akufunike, akupe afya ya kifua na ujasiri wa moyo, na akurudishe kwetu ukiwa mzima.

Wako akupendaye sana hata anapokugombeza,
Dada yako wa pasi.